Msongamano wa dharura hauanzii mlangoni pa hospitali

  

Ndugu Waislamu wa Mbeya, Iringa na Nyanda za Juu Kusini kwa jumla, barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma inapita katikati yetu. Inapanda Kitonga, inapita Mafinga na Makambako, inaingia Mbeya kwa miteremko mikali, kisha inaelekea mpakani. Barabara hiyo ndiyo inayotuletea riziki, na ndiyo inayotuletea majeneza. Machi 11, 2015, eneo la Changarawe, Mafinga, kontena lililokuwa juu ya lori liliangukia basi la abiria lililotoka Mbeya, wakafa watu zaidi ya 40. Juni 2025, katika mteremko wa Iwambi, Mbeya, lori lililokosa breki liligonga magari mengine likiwamo basi dogo la abiria, wakafa watu 28. Inna lillahi wa inna ilayhi raaji'uun.

Kila unapotokea msiba wa namna hiyo, viongozi hufika, rambirambi hutolewa, na sisi misikitini huinua mikono kuomba dua. Hayo ni mema. Lakini ni wachache wanaouliza habari za waliobaki hai. Walibebwa na nani? Walifikishwa wapi? Walipoingizwa katika idara ya dharura, waliikuta na nafasi au walilazwa sakafuni? Na mzee aliyekuwa pale tangu alfajiri kwa kiharusi, na mtoto aliyekuwa akipumua kwa taabu, walisogezwa wapi ili majeruhi wapate pa kuwekwa?

Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya imekusudiwa kupokea rufaa za mikoa 7: Mbeya, Songwe, Rukwa, Katavi, Njombe, Iringa na Ruvuma. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.3 katika mkoa wa Mbeya peke yake, na karibu milioni 1.2 mkoani Iringa. Hawa wote, pamoja na wapita njia wa barabara kuu, wanategemea milango michache ya dharura. Hivyo mtu akisema kuwa idara za dharura zimejaa, hatuna sababu ya kushangaa. La kushangaza ni dawa inayotajwa kila mara, nayo ni kujenga jengo kubwa zaidi.

Tusidharau majengo. Hadi mwishoni mwa muongo wa 2000 nchi yetu haikuwa na idara kamili ya tiba ya dharura. Ile ya Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifunguliwa 2010, na mwaka huohuo ndipo madaktari wa hapa nyumbani walipoanza kusomea ubingwa wa fani hiyo. Baadaye, kwa mkopo ambao Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha Septemba 2021 baada ya janga la Uviko-19, Serikali ilipanga shilingi trilioni 1.3, na sehemu yake ikajenga majengo ya dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi katika hospitali za mikoa na za halmashauri. Hiyo ni hatua kubwa, na mwenye insafu huitambua. Tunachosema ni kwamba msongamano wa mlango wa dharura hautengenezwi mlangoni. Unatengenezwa mbele yake, nyuma yake, na katika mifuko ya watu, na asiyegusa sehemu hizo tatu atajenga jengo lingine na kulijaza vilevile.

Kwanza tufahamu idara yenyewe inavyofanya kazi, kwani ugomvi mwingi wa ndugu na wauguzi hutokana na kutofahamu. Katika idara iliyopangwa, mgonjwa hahudumiwi kwa sababu ametangulia kufika. Muuguzi humpima pumzi, mapigo ya moyo, shinikizo la damu na fahamu, kisha humpangia rangi. Nyekundu ni yule asiyeweza kusubiri hata dakika. Hufuata chungwa, kisha manjano, na kijani ni yule anayeweza kukaa benchi. Utaratibu wa kuwapanga majeruhi kwa uzito wa hali zao hunasibishwa na Dominique Jean Larrey, tabibu Mfaransa wa majeshi ya Napoleon, aliyetaka majeruhi wa hatari atangulie bila kutazama cheo chake. Nasi Waislamu tungepaswa kuwa wa mwanzo kuupenda utaratibu huo, maana ni uadilifu mtupu. Hata hivyo, ni nani asiyemjua ndugu anayepiga simu kwa daktari anayefahamiana naye ili mgonjwa wake wa kijani apite mbele ya mgonjwa mwekundu wa mtu asiye na simu ya kumpigia daktari? Hiyo ni dhulma, hata ikifanywa na mtu wa safu ya kwanza msikitini.

Na hapa tuseme jambo jingine ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wasomaji. Kumzuru mgonjwa ni sunna iliyothibiti, na ni haki ya Muislamu kwa Muislamu mwenziwe. Lakini fiqhi ya kuzuru inamtaka mzuru asimtaabishe mgonjwa. Familia inapojaza basi dogo na kusimama yote mbele ya mlango wa dharura, wengine wakizungumza na simu, wengine wakimfokea mlinzi, machela hukosa njia. Abaki mmoja au wawili, wengine wakaswali na kuomba dua msikitini.

Turudi kwenye asili ya tatizo. Nyuma ya idara ya dharura kuna wodi. Mgonjwa akishatulizwa, akapewa oksijeni na dripu, damu ikasimamishwa, anatakiwa aondoke pale apelekwe wodini au chumba cha upasuaji. Iwapo wodi haina kitanda, atabaki palepale saa nyingi, pengine usiku kucha. Kitanda cha dharura kinakuwa kitanda cha kulaza, na muuguzi aliyewekwa kupokea wanaoingia analazimika kuwahudumia wanaosubiri kutoka. Watafiti wa nchi tajiri kama Uingereza, Kanada na Australia wameandika miaka mingi juu ya kadhia hiyohiyo, na wamekubaliana kwamba sababu kubwa ya idara za dharura kujaa ni kukosekana kwa nafasi katika wodi, kuliko wingi wa watu wenye maradhi madogo. Ikiwa wenye hospitali za mabilioni wamekwama hapo, hatuna budi kupaangalia.

Na kwa nini wodi haina kitanda? Wakati mwingine kwa sababu vitanda ni vichache kweli. Lakini mara nyingine aliyelala juu yake amekwisha kupona. Daktari amempitia saa 5 asubuhi, ruhusa imeandikwa saa 7, dawa za kwenda nazo hazijatolewa hadi saa 9, na hesabu ya malipo haijakamilika hadi jioni. Yupo pia aliyeruhusiwa lakini hana fedha za kulipa, akawa anahesabiwa siku juu ya siku kitandani, deni likikua, ilhali anayehitaji kitanda hicho yuko kwenye machela. Hospitali haipati fedha kwa kumshikilia maskini. Inapoteza kitanda tu. Kurekebisha mambo haya hakuhitaji mkopo wa nje. Kunahitaji daktari aanze mzunguko wake kwa wale wanaokaribia kuruhusiwa, karatasi ziandikwe asubuhi, na awekwe mtu mmoja ambaye kazi yake ni kujua kila saa kitanda kipi kiko wazi.

Mbele ya idara ya dharura kuna zahanati na vituo vya afya. Mwaka 2007 nchi ilianza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, uliofahamika kwa jina la MMAM, ambao ulikusudia kila kijiji kipate zahanati na kila kata kituo cha afya. Majengo mengi yalisimama, mengine kwa nguvu za wananchi waliobeba mawe na kufyatua matofali. Lakini zahanati nyingi hufungwa jioni. Mtoto hapandi homa kwa kufuata saa za ofisi, wala mama haumwi uchungu kwa ratiba. Mzazi akikuta mlango umefungwa mara moja, mara ya pili hapotezi nauli, anakwenda moja kwa moja hospitali ya mkoa. Ndiyo maana tunawaona wenye kikohozi na wenye kuvunjika paja wakikaa benchi moja. Kumlaumu mzazi huyo kwamba amevuka ngazi za rufaa ni kumwonea, maana ngazi yenyewe haikuwepo.

Zaidi ya hayo kuna maradhi ya kudumu yanayogeuka dharura kwa kutosimamiwa. Mwenye presha akikosa vidonge miezi mitatu atarudi kwa kiharusi. Mwenye kisukari atarudi hana fahamu. Katika kanda yetu lipo pia jambo ambalo mimbari zetu hulitaja kwa kunong'ona: utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulionesha maambukizi ya virusi vya Ukimwi kwa watu wazima kuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.4. Anayetumia dawa zake kwa ukamilifu huishi na kufanya kazi kama wengine. Anayeziacha kwa aibu, au kwa kuahidiwa na mganga fulani kwamba amepona, huletwa usiku akiwa hoi. Sheikh anayekubali kimya kimya mtu aache dawa za hospitali kwa sababu ya kombe na rukia ajue kwamba sunna haikumfundisha hivyo. Mtume (s.a.w.) aliamrisha kujitibu, na maswahaba zake walijitibu.

Watumishi nao ni habari ndefu. Zamu ya usiku yenye tabibu mmoja na muuguzi mmoja kwa kituo kizima ni jambo la kawaida vijijini. Wakati huohuo vijana waliohitimu vyuo vya afya wako mitaani wakisubiri ajira, baadhi wamesoma hapahapa kwetu, katika chuo cha afya cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichopo Mbeya au Chuo cha Afya ya Msingi, Iringa. Aprili 2001 nchi za Afrika zilikutana Abuja zikaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Tanzania haijaifikia ahadi hiyo. Muislamu anajua uzito wa ahadi, basi na ahadi hii ikumbushwe kwa adabu kila mbunge anapofika kwetu kuomba kura au kuchangia zulia la msikiti.

Baina ya kijiji na hospitali kuna njia. Wataalamu wa uzazi wamezoea kusema kuna kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Katika hili la pili nchi yetu ina mfano mzuri ambao wengi katika jamaa zetu hawaujui. Mfumo uitwao m-mama, uliozinduliwa kitaifa 2022 baada ya kujaribiwa katika maeneo machache, unamwezesha mama mjamzito, aliyejifungua karibuni au mwenye mtoto mchanga aliye hatarini, kupata usafiri wa dharura kwa kupiga simu namba 115 bila malipo. Kama gari la wagonjwa liko mbali, huitwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa katika eneo hilo, naye hulipwa ujira wake na mfumo. Uzuri wake ni kwamba haukungoja hadi kila kijiji kipate gari la wagonjwa, bali ulitumia magari na madereva waliopo. Kwa nini utaratibu wa aina hiyo usipanuliwe kwa majeruhi wa barabarani na wenye kiharusi? Hili tungependa kulisikia likijadiliwa Bungeni.

Kuhusu majeruhi, lipo la PF3, ile fomu ya polisi. Fomu hiyo ni ya ushahidi. Imewekwa ili aliyepigwa au kugongwa ahifadhiwe haki yake mbele ya sheria, na haikuwekwa kuwa ufunguo wa tiba. Anayevuja damu atibiwe kwanza, na fomu ifuate. Viongozi wa wizara wamelisema hili zaidi ya mara moja, lakini bado wapo raia wanaoanzia kituo cha polisi na jeraha wazi kwa kuogopa kurudishwa. Maimamu walitangaze.

Na wakazi wa kando ya barabara kuu wana la kujibu mbele ya Allah. Ajali inapotokea, wapo wanaokimbilia majeruhi, na wapo wanaokimbilia mizigo na mifuko ya suruali za maiti. Tulikwisha kuonywa pale Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipopinduka katika barabara hii hii, watu wakajaa na madumu, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Kila kijiji cha barabarani kingekuwa na vijana 10 wanaojua kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kumlaza ubavu aliyezimia, kutomvuta kwa shingo aliyeumia mgongo, na kuwaweka watu mbali na mafuta yaliyomwagika, idara za dharura zingepokea wagonjwa wanaookoka.

Sasa tuingie kwenye mifuko ya watu, na hapa ndipo hali huwa nzito zaidi kwa wanyonge. Tulipopata uhuru na baada ya Azimio la Arusha, 1967, tiba katika hospitali za Serikali ilikuwa bure. Kuanzia 1993 ukaja utaratibu wa kuchangia huduma. Wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wanasamehewa kwa mujibu wa sera, ingawa msamaha huo haumsaidii mtu kitu dawa zinapokuwa hazipo dirishani. Kwa wengine waliobaki, hesabu hufanyika nyumbani kabla ya hospitali: tuuze debe la mahindi, tusubiri mshahara wa kaka, tujaribu kwanza dawa ya duka. Siku tatu zinapita hivyo. Mgonjwa ambaye angekuwa wa benchi Jumatatu analetwa Alhamisi amebebwa, na tumbo limekwisha kuchafuka. Kwa hakika umaskini unamleta mgonjwa huyo wakati mbaya kabisa, na tiba yake inakuwa ghali mara nyingi zaidi.

Suluhisho linalotajwa ni bima. Bima ya Taifa ya Afya ilianza 2001 kwa watumishi wa umma. Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulianza kujaribiwa Igunga 1996, ukaboreshwa 2018 kwa kaya ya watu 6 kuchangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Novemba 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayowataka wakazi wote wawe na bima na kuweka mfuko kwa ajili ya wasio na uwezo.

Tunaulizwa sana: je, bima inajuzu? Swali ni la haki na halistahili kujibiwa kwa kelele. Jopo la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha 1985, lilipambanua baina ya bima ya kibiashara, ambayo lililikataa kwa sababu ya gharari iliyomo, na bima ya ushirikiano, ambayo watu huchangiana kwa nia ya kusaidiana. Kwa maoni ya wahariri wa jarida hili, mfuko wa umma ambao haukuundwa kugawana faida, na ambao aliye mzima humchangia aliye mgonjwa, uko karibu zaidi na aina ya pili. Anayesita na aulize wanazuoni anaowaamini. Lakini asiwe kama yule anayeacha kuchangia kwa kisingizio cha dini, kisha akiugua anapitisha bahasha ya mchango msikitini Ijumaa baada ya Ijumaa. Kilio chetu juu ya sheria hii si kwenye asili yake, bali ni kwenye kutambuliwa kwa maskini. Orodha ya wasio na uwezo ikitengenezwa mezani na watu wasiojua nani analala njaa mtaani, watakaopata kadi watakuwa ni jamaa wa watengeneza orodha.

Haya yote yana asili katika turathi yetu, nasi walimu wa madrasa tunapaswa kuona haya kwa kuwafundisha watoto majina ya vita na kutowafundisha majina ya hospitali. Baada ya vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Sa'd bin Mu'adh (r.a.) alipojeruhiwa, aliwekwa katika hema ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.), na Rufaida al-Aslamiyya (r.a.) ndiye aliyekuwa akitibu majeruhi hapo. Majeruhi wa dharura aliwekwa ndani ya msikiti, na mikononi mwa mwanamke mjuzi. Karne zilizofuata wakfu ulisimamisha bimaristani: wa Nuri huko Damascus mwaka 1154, na wa Mansuri huko Cairo, 1284, uliojengwa na Sultan Qalawun ambaye aliwahi kuugua Damascus akatibiwa kwa dawa za bimaristani ya Nuri. Mlango wa Cairo ulikuwa wazi kwa tajiri na maskini, mwanamume na mwanamke. Ibn Jubair, msafiri wa Andalusia aliyepita Damascus 1184, aliwaona wasimamizi wakiwa na daftari zenye majina ya wagonjwa na gharama za dawa na chakula cha kila mmoja. Tuizingatie daftari hiyo, kwani wakfu wetu mwingi umepotea kwa kukosa daftari.

Imam Ghazali, aliyefariki 1111, aliandika katika Ihya kwa masikitiko kuwa miji mingi haina tabibu Muislamu, na hakuna anayejishughulisha na fani hiyo ingawa ni fardhi kifaya, huku wanafunzi wakisongamana katika mijadala ya fiqhi ambayo wajuzi wake wamejaa mji mzima. Miaka 900 na ushei imepita. Mwanafunzi wa kike wa madrasa anayefaulu biolojia anaambiwa aolewe. Kijana mwenye akili anapelekwa kusoma Arabuni, anarudi na shahada ya usuli, tunamshangilia. Mwandishi wa tahariri hii ni zao la njia hiyo na hajutii. Lakini jamaa yenye masheikh 10 na haina muuguzi hata mmoja haijatimiza fardhi yake, na dhambi ya fardhi kifaya iliyoachwa humwangukia kila mmoja.

Wapo wenzetu ambao hospitali za makanisa zikitajwa hufungua mara moja mjadala wa makubaliano ya 1992 baina ya Serikali na makanisa. Mjadala huo una mahali pake. Hapa tuseme tu kwamba Tosamaganga na Ilula huko Iringa, Ilembula huko Njombe na Ifisi pale Mbalizi zimepokea wagonjwa wetu na kuzalisha wake zetu, na shukrani ni wajibu kwa anayetenda wema. Baada ya kushukuru, tujiulize wakfu wetu uko wapi katika mikoa hii.

Hatupendekezi kuanza na hospitali. Aliyeshindwa kuendesha choo cha msikiti asianze na chumba cha upasuaji. Tunapendekeza vitu ambavyo msikiti wa kawaida, wenye waumini 200, unaviweza mwaka huu.

Damu ni cha kwanza. Mpango wa Taifa wa Damu Salama una kituo cha kanda yetu Mbeya. Mtu mwenye afya wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50 anaweza kuchangia, mwanamume kila baada ya miezi 3 na mwanamke kila baada ya miezi 4. Wachangiaji wengi nchini ni wanafunzi wa sekondari, hivyo shule zikifungwa akiba hupungua, na mama anayetoka damu baada ya kujifungua hangojei shule zifunguliwe. Msikiti wenye wachangiaji 40 wanaotoa mara 3 kwa mwaka utatoa chupa 120. Panga siku zenu ziwe za likizo za shule, na katika Ramadhani wachangiaji wakutane na wataalamu usiku, baada ya futari na maji ya kutosha.

Kisha uwepo mfuko mdogo wa wakfu au sadaka, wenye wasimamizi watatu na daftari linalosomwa hadharani, kwa kazi mbili tu: kulipia bima ya kaya zisizoweza, na kumkomboa mgonjwa aliyeruhusiwa lakini ameshikiliwa kwa deni. Wasiwe Waislamu peke yao. Jirani ni jirani, na kitanda anachokiacha asiye Muislamu huenda akalala juu yake mama yako. Anayefaa kupewa zaka apewe kwa masharti yake, na fungu la zaka lisichanganywe na mengine.

La mwisho ni kuuliza. Tangu mwaka wa fedha 2017/2018 fedha za mfuko wa pamoja wa afya hupelekwa moja kwa moja katika akaunti za zahanati na vituo, na kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Ni Waislamu wangapi wanajua ni nani mjumbe wa kata yao, au wamewahi kugombea nafasi hiyo? Basi kamati ya kila msikiti iteue watu wawili waende kwa mganga mfawidhi wa kituo cha afya kilicho karibu, kwa adabu na bila kamera, wamuulize: saa 8 usiku ni nani aliye zamu, ana oksijeni, ana damu, na gari la rufaa lina mafuta? Majibu yaandikwe, na yasomwe mbele ya jamaa Ijumaa inayofuata, kabla ya matangazo ya mchango wa zulia.